F ya Fisi Isiyokauka

Nikibisha hodi, mtafungua?

Tutafungua!

Na mbishaji akiwa hana kivuli?

Tutafunga!

Basi sogeeni, msikie.

Hapo kale wanyama walitaka watoto wao wajue kusoma. Wakamwita Bi Kinyonga, fundi wa nakshi, achore herufi kwenye jabali jeupe, kila herufi na mnyama wake. K akaipamba kwa Kima na mkia wake mrefu. N akaitia pembe za Nyati. S akaichora kama Simba aliyejikunja usingizini.

Fundi huyu alikuwa na miiko miwili. Rangi nyeusi aliikoroga kwa masizi na kivuli cha mwenye picha, ila alichota kidogo tu, cha ncha ya mkia. Na jicho aliliacha jeupe, ili mwenyewe apate mlango wa kurudia nyumbani.

Siku moja alasiri, jua limeinama, akaja Fisi. Mkubwa, mlafi, ananuka mifupa.

"We bibi! Nataka F yangu. Iwe kubwa kuliko zote, iwe nyeusi kuliko zote. Ukimaliza nakutafuna, usije ukamchorea mwingine iliyo kubwa zaidi."

Bi Kinyonga aliogopa, aliogopa kweli, hata rangi ikamtoka akawa kijivu. Akimbie? Kwa miguu ipi, ile ya kufikiria kila hatua? Jicho lake moja likamtazama Fisi. Jingine likatazama kivuli kirefu kilicholala nyuma ya Fisi.

"Haya, bwana mkubwa," akasema. "Simama kwa miguu ya nyuma. Mgongo wako ndio mti wa F. Kichwa ni tawi la juu, mikono ni tawi la chini. Usitikisike."

Fisi akasimama. Bi Kinyonga akachota kivuli cha ncha ya mkia. Akachovya, chwa. Akapaka, chwaa.

"Mbona imepauka? Ongeza!"

"Zaidi ya hapo alipewa Simba peke yake, bwana."

Uongo mtupu! Simba alichotewa kidogo kama wenzake.

"Simba? Basi ongeza!"

Akachota kivuli cha miguu. Akachovya, chwa. Akapaka, chwaa. Ndege wakaacha kulia, mmoja baada ya mwingine.

"Mbona miguu yangu ina baridi?"

"Rangi bado mbichi, bwana. Ikikauka utapata joto."

"Basi ongeza!"

Akachota kivuli cha mgongo, akachota cha shingo, akachota cha kichwa. Akachovya, chwa. Akapaka, chwaa. Fisi akaitazama F yake, akafurahi, akacheka. Hii-hii-hii! Lakini kicheko hakikutoka kinywani mwake. Kilitoka ndani ya jabali.

Bi Kinyonga akageuza jicho moja nyuma ya Fisi. Jua lilikuwa limemwagika juu ya nyasi, na kivuli hakipo.

"Bibi," sauti ya jabalini ikasema, "jicho langu umeliacha jeupe."

"Hilo tuliache, bwana. Hata Simba aliliogopa."

"Mimi nimwogope nani? Paka!"

Bi Kinyonga akaitazama brashi yake. Angeweza kuacha hapo, na Fisi angerudi kwake. Halafu akakumbuka lile neno, nakutafuna. Akachovya, chwa. Akapaka, chwaa.

Kimya, ji! Mbele ya jabali hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama mbili za miguu ya nyuma, na nyasi zilizolala zikijiinua polepole.

Asubuhi watoto wakaja kusoma. "F!" wakasema wote, na jicho la F likawapitia, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu anayechagua. Mpaka leo herufi ile haijakauka. Ukiigusa, kidole kinarudi cheusi, na kina baridi.

Funzo lake, wanangu: ukienda kwa fundi usikubali kidogo. Dai kikubwa kuliko cha wenzako, na miiko yake ipuuze, fundi anajua nini? Mafundi ni watu wapole, hawana neno.

Ngano nimeikunja, rangi nimeifunika.

Ila brashi bado sijaiosha. Nani anataka herufi ya jina lake? Asogee. Asogee kidogo, hapa penye jua.