Maana Iliyobaki

Si kale sana, Bwana Kingazi alirudi kutoka Ulaya na tai shingoni, na tangu siku hiyo hakukohoa ila kwa Kiingereza. Mbuzi wa jirani yake, mjane Mwanamkasi, alipoyatafuna maua yake, Kingazi alimfunga uani na kuita watu.

"Utamchukua ukinitajia maana zote za neno la Kizungu, 'seti'," alimwambia mjane. "Ukishindwa, namchinja."

"Vikombe vya chai ni seti," alisema Mwanamkasi.

"Bado!"

"Televisheni nayo ni seti. Mpira wa wavu huchezwa kwa seti. Saa husetiwa, na nywele za bibi harusi pia."

"Bado moja!" Kingazi alicheka huku akinoa kisu.

"Hiyo ni ya wasomi, bwana. Lete sikio."

Alimnong'oneza. Kingazi akalegeza tai, akawatazama watu.

"Amepata," alisema. "Mfungulieni mbuzi wake."

Njiani majirani walimzonga mjane. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia, 'Hiyo siijui. Lakini ukisema nimekosa, nitakuomba uitaje wewe, na hawa wote wanasikiliza.'"