Kilemba cha Amiri Shehoza

Kilemba kisivunje lango. Methali hii mmeisikia leo mkacheka, basi tulieni mjue ilikotoka. Ilianza hivi.

Katika boma la Kwemzizi alikuwako mshonaji wa vilemba vya vita, Shekighenda. Vilemba vile vya ngozi ya mbega na manyoya ya mbuni, wazee walivifanya virefu ili adui akitazama kwa mbali aone majitu. Shibiri mbili, basi. Lakini Shehoza alipopewa uamiri, kila baada ya mavuno alirudi na neno lile lile: "Ongeza."

"Amiri, shingo ni yako, lakini lango ni letu sote," Shekighenda alimwambia. Lango lilijengwa fupi makusudi, kimo cha mtu na kilemba cha shibiri mbili tu, adui mwenye mkuki mrefu aingie ameuinamisha.

"Wewe shona tu."

Akashona huku akisonya. Wapambe nao wakamvika bwana wao kilemba kingine, cha ukoka: "Umependeza, Amiri! Unagusa mawingu!"

Siku ya ngoma ya vita, jeshi lilitoka kwenda uwanjani, ng'ambo ya mto. Shehoza alipofika langoni, manyoya yakagonga boriti ya juu. Akasimama. Na mila ilikuwa hivi: amiri akishavikwa kilemba hakivui mpaka ngoma iishe, wala hainami, maana kuinama ni kusalimu amri.

"Vunjeni boriti," akaamuru.

Shekighenda, aliyewasindikiza mpaka langoni, alichoka kabisa. "Amiri, boriti hiyo ndiyo inayoshika mlango! Vua, nitakuvika tena huko nje. Kuna ubaya gani?"

"Unataka niaibike mbele ya vijana wangu?"

"Nataka ng'ombe wangu alale zizini! Ninaye huyo mmoja tu, na wajukuu wanamtegemea kwa maziwa!"

Wakavunja. Mlango ukaanguka. Huko ng'ambo ngoma ikarindima, Shehoza akarukaruka, akashangiliwa. Maadui waliokuwa wakichungulia kilimani wakateremka, wakaingia bomani mikuki wima, wakaswaga ng'ombe wote.

Jeshi liliporudi, zizi la Shekighenda lilikuwa tupu. Shehoza akamjia, kilemba mkononi, kumpa pole.

"Pole yako sitaki," mzee alisema. "Lango halina mlango. Mpaka boriti nyingine ipatikane, kasimame pale wewe. Si ulitaka urefu?"

Amiri akaenda akasimama, kichwa wazi. Akina mama waliopita na vibuyu vya maziwa, vitupu, walimtazama, wakaambizana: kilemba kisivunje lango.