Malimbuko ya Pakanga

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa tumbo!
Tumbo la nani?
Tuambie wewe, sisi tumeshakula!

Basi kaeni. Tumbo lilikuwa la Ngiri. Ngiri alikuwa na meno kama mundu, shingo kama gogo, na njaa isiyolala. Na katika nchi ile kulikuwa na mila: cha kwanza kuchumwa bustanini ni malimbuko, na malimbuko huonjwa na mkubwa wa wote. Akimeza, husema "Tamu!" na bustani ni yake kuingia apendavyo. Akitema, ameikataa bustani, wala hatii ukwato humo tena.

Ngiri hakuwahi kutema. Alipiga magoti, maana ngiri hula kwa magoti, akaonja karanga za Pimbi, grubu, grubu, grubu, mpaka mwisho wa tuta. "Tamu!" Akaonja mihogo ya Kanga, grubu, grubu, grubu, mpaka mwisho wa shamba. "Tamu!" Kila alipoonja, hakubaki kitu cha kuonjwa na mwingine.

Sasa, kulikuwa na Sange, mnyama mdogo, pua ndefu, miguu myembamba kama vijiti. Sange alikuwa na watoto, na watoto walikuwa na tuta moja la viazi vitamu. Mwaka uliopita walilala njaa huku wakisikia mbweu za Ngiri.

"Mwaka huu wanangu watakula," akasema Sange.

"Watakula nini, shoga?" akauliza jirani yake Pimbi. "Utajenga ua? Ngiri atautafuna ua, kisha akwambie mtamu."

"Sijengi ua. Napanda pakanga."

"Pakanga! Ule mmea mchungu? Nani ataula?"

"Wewe ngoja."

Shangazi yake wa milimani alikuwa amemwachia mbegu za pakanga, zimefungwa kwenye jani, ndogo kama vumbi la ugoro. Sange akafanya kama alivyozoea kwa mahindi: akachimba shimo, akatia, akafukia, akakanyaga. Akangoja. Mvua ikanyesha, kimya. Jua likawaka, kimya.

"Umeshazika," akasema Pimbi. "Sasa tuandalie matanga."

Sange akarudi tutani. Akainamisha pua, akanusa tuta lote, fyu, fyu, fyu. Pale alipolifungulia lile jani, mbegu chache zilikuwa zimemponyoka zikabaki juu ya udongo. Hakuna aliyezifukia. Na hizo ndizo zilizotoa majani madogo ya kijivu!

"Kumbe haitaki giza!" akasema Sange. Akaanza upya.

Akachukua kigae cha chungu chenye tundu chini, akakijaza udongo mwepesi. Akachanganya mbegu na mchanga ili zisirundikane, akazinyunyiza juu, akazigandamiza kwa kiganja, asifukie hata punje. Maji hakumwaga, yangezichukua. Alikiweka kigae ndani ya sahani ya maji, udongo ukanywa wenyewe kutoka chini. Na kila asubuhi akaimba:

Sizike, mama, sizike, mbegu inataka jua;
sichoke, mama, sichoke, kidogo kitachipua.

Miche ikatoka, mingine ikafa. Akapanda tena. Jua likaikausha. Akapanda tena. Ilipofika kimo cha kidole, akaihamishia bustanini, mbele kabisa penye jua, mbali na viazi, maana pakanga haipendi jirani. Iliyobaki akawagawia wenzake. "Pandeni," akawaambia. "Na ichumeni kabla ya kitu kingine chochote."

Siku ya malimbuko wanyama wote wakakusanyika. Tu! Tu! Tu! Ngiri huyo.

"We pua nyingi, mwili haba! Viazi viko wapi?"

"Shikamoo, Mzee. Viazi havijachimbwa bado. Cha kwanza kuchumwa ni pakanga hii. Lakini nakuomba, Mzee, usile. Ni chungu."

Ngiri akacheka. "Kila mwenye kitamu huniambia ni kichungu!"

"Ni chungu kweli, Mzee. Waulize hawa."

"Na kila asubuhi ulikuwa unaiimbia! Nani huimbia kitu kichungu? Lete hapa!"

"Basi, Mzee, onja kidogo tu."

"Kidogo? Mimi?"

Akapiga magoti, akajaza kinywa chote. Kafu, kafu, kafu. Kafu, ka... Akaacha kutafuna. Macho yakamtoka. Masikio yakalala. Machozi yakamshuka mpaka kwenye meno.

"Vipi, Mzee?" akauliza Sange.

Ngiri akaviwaza viazi. "Ta... ta... tamu," akasema, mashavu yamemvimba.

Pimbi akashika kichwa. "Tumekwisha, shoga!"

Sange hakutikisika. "Hujameza, Mzee. Mila inasema umeze."

"Na... nameza."

"Meza upesi basi, Mzee wangu, usiwaweke wenzio. Fungu la Pimbi linangoja, na la Kanga, na la kila mwenye bustani. Mwaka huu sote tumetanguliza pakanga kwa ajili yako."

Ngiri akageuza shingo. Kila mnyama alikuwa amekumbatia fungu la majani ya kijivu. Koo likapanda, likashuka. Gu... gu... gu...

"Ptuuu!"

Yote yakatoka, mbele ya macho ya wote.

"Na langu, Mzee?" akasema Pimbi, akilisogeza fungu lake.

"Ptuu!"

"Na langu?" akasema Kanga.

"Ptuu!" Alitema hili kabla halijamfikia. Mengine aliyatema akiwa mbioni, ptu, ptu, ptu, mpaka akazitema bustani zote za nchi ile, na nyingine hata hakuzionja.

Viazi vilipochimbwa, watoto wa Sange walikula mpaka wakasahau kugombana.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mwenye ya kwake avute kigoda. Na funzo lake, watoto, ni hili: mkubwa aheshimiwe. Chochote bustani yako itakachotoa, mpe yeye kwanza, tena umjazie. Na kama ni kichungu, mwambie ukweli, wala usiogope. Hatakuamini.