Mgeni Aliyekagua Majani

Mgeni njoo, mwenyeji augue.

Mmecheka, wajukuu zangu, mkadhani shangazi yenu kateleza ulimi pale harusini. Hakuteleza. Ninyi mmezoea "apone". Hata sisi tuliizoea hiyo, mpaka mwaka ule, hapa hapa Chinyika. Endeleeni kumenya karanga, niwaeleze methali hii ilikotoka.

Mwaka ule mvua ilitupa wiki saba tu, ikakatika kunde zikiwa katika maua. Uwele ulikauka ungali umesimama. Lakini kunde, ajabu, zilibaki kijani. Majani yake yalikuwa mapana kama viganja vya mwanamume, yakafunika ardhi yote. Chini yake maua yalipukutika, na maganda machache yaliyotoka yalikuwa mabapa, hayana kitu ndani. Yunisi Malogo, aliyelima pale tangu alipoolewa, alikuwa hajapata kuona shamba linalodanganya namna ile. Kila siku alichuma majani, akachemsha, watu wake wakala sahani mbili mbili, na kila alfajiri waliamka na njaa ileile.

Nyumbani kwake kulikuwa na mzazi: mkwe wake, Tabita, mwenye mtoto wa wiki tatu. Yunisi alikuwa amemwekea kibuyu cha unga wa uwele. Kibuyu kama hicho hakiguswi. Ni uji wa mzazi mpaka atimize arobaini yake.

Ndipo ikaja habari kwamba mtaalamu wa kilimo, Bwana Lutengano, anakuja kukagua njaa, ili kijiji kipewe unga wa msaada au kinyimwe. Mwenyekiti, Mzee Ndahani, akapita nyumba kwa nyumba. "Mgeni halishwi majani," alisema. "Aibu hiyo hatuiwezi." Huku akaomba kuku, kule mafuta. Kwa Yunisi akaomba kibuyu. Naye Yunisi, kwa vile alilelewa vizuri, akakitoa.

Mnausikia upumbavu wetu? Mkaguzi wa njaa tukamlaki kwa ugali wa unga ule na kuku wawili.

Mgeni alikula, akanawa, akatembea ukingoni mwa mashamba kwa viatu vyake safi. Akawaeleza watu kwamba hewa ya siku hizi imejaa kabonidayoksaidi, ile itokayo katika moshi wa magari na viwanda, na kwa mmea hiyo ni chakula. Kunde ikiipata kwa wingi hukuza majani, tena huvibana vile vitundu vidogo vya majani yake ili isipoteze maji. Ndiyo maana ukame haujaiua. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akaandika: mazao yamestawi, chakula kipo. Watu wakampigia makofi.

Unga haukuja. Maziwa ya Tabita yalikatika. Asubuhi moja akazirai kwa njaa pale kisimani, akabebwa kwa machela mpaka zahanati, na mtoto akawa ananyonyeshwa na jirani.

Miezi miwili baadaye mgeni akarudi kupiga picha za kunde zetu. Mzee Ndahani akaanza tena kutafuta kuku. Safari hii Yunisi alimtangulia. Mbele ya watu wote alimwekea mgeni sahani ya majani ya kunde yaliyochemshwa, bila hata chumvi.

"Karibu ugali, baba."

"Mama, mbona siuoni?"

"Hata sisi hatuuoni. Kula."

"Lakini shamba lako nimelipita sasa hivi. Limestawi kuliko yote."

"Majani yameshiba hewa yako, sikatai. Kunde zenyewe je? Ulifungua ganda hata moja?"

"Angechafua viatu," alisema mtu nyuma, na wengine wakacheka puani.

Mgeni akainamisha uso. "Ungeniambia siku ile, mama."

"Siku ile ulikuwa umejaza mdomo uji wa mkwe wangu."

Mgeni aliinuka, akaingia katikati ya shamba, akafungua ganda la kwanza, la pili, la kumi. Aliporudi aliomba karatasi mpya, akaandika upya palepale. Wiki iliyofuata unga ulifika. Tabita alitoka zahanati, lakini maziwa hayakurudi.

Mnadhani Yunisi alishukuriwa? Aliitwa barazani.

"Umetuvua nguo mbele ya mgeni," alisema Mzee Ndahani. "Wazee walituachia neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umelikanyaga. Omba radhi, yaishe."

Yunisi alisimama, mtoto wa Tabita yuko mgongoni mwake.

"Mwenyeji gani aliyepona, mzee? Nitajie mmoja tu. Tulimficha mgeni njaa yetu, naye akaamini majani. Mimi nilitoa uji wa mzazi kwa mkono wangu huu, nikaitwa mstaarabu. Basi, neno lenu limekufa, shikeni langu: mgeni njoo, mwenyeji augue. Radhi siombi."