Mgeni wa Kiota cha Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yapo?

Yapo, tunasikiliza.

Hapo zamani za kale, ukingoni mwa mto, waliishi Mnana na mumewe. Mnana, nasema, yule ndege wa manjano asukaye nyumba ya kuning'inia, si shomoro. Desturi ya ukoo wao ilikuwa hii: kila masika kiota cha zamani hubomolewa, kipya husukwa kwa majani mabichi.

Masika moja, mume alipoanza kubomoa, sauti ikatoka katika malazi.

"Shikamoo, mjomba! Nyumba madhubuti hivi waibomoa? Watu watasema una wazimu."

Alikuwa Papasi. Papasi, si kupe. Kupe hung'ang'ania mwilini, ukamwona. Papasi hunyonya damu, akashiba, akarudi kujificha malazini.

"Na wewe nani?" akauliza Mnana.

"Mgeni tu, shangazi. Mimi silali pakubwa."

Wakacheka, wakamwacha. Nyumba haikubomolewa. Mnana akaangua watoto watatu.

Siku ya kwanza akaja Kipanga. Ndege wote wakapiga kelele, wakamfukuza. Papasi akapiga kelele kuliko wote: "Mwuaji huyo! Hana haya!"

Mnana aliporudi, mtoto mmoja amekufa.

Siku ya pili akaja Kunguru. Wakapiga kelele, wakamfukuza. Papasi akapiga kelele kuliko wote: "Mwizi huyo! Hana haya!"

Mnana aliporudi, mtoto wa pili amekufa.

Siku ya tatu Nyoka akapanda mti.

"Ndiye!" akalia Papasi. "Ndiye aliyewaua wanao, shangazi!"

Nyoka akasimama, amekasirika kwelikweli. "Mimi? Mimi ni mwizi, sikatai. Lakini nikila mimi, hubaki hata unyoya. Wako wamekufia kitandani, wamekauka damu. Usinibandike kazi nisiyoifanya! Pekua malazi yako, mama."

Walimfukuza hata hivyo, maana nyoka ni nyoka. Lakini Mnana akapekua.

Papasi yule! Tumbo limevimba kama kunde, na wake zake, na watoto, na wajukuu, wote wamevimba.

"Papasi! Damu ya wanangu?"

"Shangazi, mgeni hafukuzwi!"

"Mgeni hula alichopakuliwa, kisha huaga. Wewe nani alikupakulia?"

"Basi niache mpaka masika yajayo."

Mtoto wa tatu akahamishiwa kiota kibichi cha jirani. Kisha mume akakata kikonyo kwa mdomo wake, na nyumba, na malazi, na Papasi na ukoo wake, chubwi! Mtoni.

Mtoto yule alipona, ila hakukua kama wenzake. Na tangu hapo mnana hadanganywi tena: masika yakija, hubomoa.

Jamani, adui wa nje twampigia kelele mpaka koo likauke. Wa ndani twamtandikia. Anayepiga kelele kuliko wote, mpekulieni malazi.

Ngano yangu naifunga hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake mwachieni Papasi.