Fimbo Mlangoni kwa Nakijwa

Paukwa!
Pakawa!
Mbwa yuko wapi?
Mlangoni!
Na masikio yenu?
Kwako!

Basi tulieni. Hapo kale, sikuwapo mimi wala wewe unayetafuna muhogo pale nyuma, palikuwa na mtu akiitwa Mbelwa. Mkewe alifariki mtoto wao Kaluse akiwa bado wa mgongoni. Mbelwa akapika, akafua, akasuka nywele, tena akazisuka vibaya. Muda wa kuokota kuni hakuwa nao, kwa hiyo akamfundisha mbwa wao, Kupe. Kupe akiona kijiti, huyo nyumbani. Akiona gogo, analiburuta. Akiona mpini wa jembe la jirani, hapo ugomvi.

Jirani yao alikuwa Nakijwa, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa kicheko kikubwa. Mbelwa alimpenda mpaka chakula hakipiti. Lakini kijiji kile kilikuwa na desturi yake: mwanamume anayetaka kuoa hasemi neno. Anaegemeza fimbo mlangoni kwa mwanamke alfajiri, anakwenda zake. Fimbo ikiingizwa ndani, amekubaliwa. Ikibaki nje, amekataliwa, na kila mpita njia anaiona.

Mbelwa akachonga fimbo. Akaenda nayo, mlango ukafunguka, akasema amekuja kuomba chumvi. Akaenda tena, akaomba moto. Akaenda tena, akaomba chungu, akarudi na chungu na fimbo yake. Mnacheka? Ngojeni mpende, tuwaone.

Yeye akiwa katika kuomba chumvi, akatokea Shekigenda wa ng'ambo ya mto, mwenye ng'ombe na majivuno. Alfajiri akaegemeza fimbo yake yenye shanga kwa Nakijwa. Asubuhi akapita kuchungulia, fimbo haipo! Akarudi kwao mbio kuwaita ndugu.

Jioni hiyo ngoma zikalia. Mbelwa akaambiwa ni za nani. Akamshika Kaluse mkono, akaenda kutazama anavyompoteza Nakijwa, na Kupe nyuma yao.

Nakijwa akatoka, mikono imejaa udongo, akauliza kuna nini. Ndugu wa Shekigenda wakamwambia wamekuja kumchukua bibi harusi, maana fimbo imeingia. Akasema hajaona fimbo. Wakabishana, wakabishana, wakabishana. Mwisho Kaluse akasema, "Ile yenye shanga? Iko kwetu, kwenye kuni."

Watu wote wakamtazama Kupe. Kupe akatikisa mkia.

Bibi mmoja akakohoa, akasema, "Desturi ni desturi. Fimbo imeingia kwa Mbelwa, basi Shekigenda amchukue Mbelwa."

Jamani, kicheko kile! Hata wapiga ngoma walikaa chini. Lakini Shekigenda hakucheka. Akaagiza fimbo yake iletwe, akaiegemeza upya mlangoni, mbele ya macho ya wote, akamwambia Nakijwa aamue sasa hivi.

Nakijwa akaitazama fimbo. Kisha akamtazama Mbelwa. Mbelwa hakuwa na fimbo mkononi. Alikuwa na mtoto na mbwa, basi. Akaona akinyamaza leo, amenyamaza maisha.

"Nakijwa," akasema, "chumvi ninayo. Moto ninao. Ninayemkosa ni wewe."

Wazee wakaguna. Mwanamume kasema kwa mdomo! Nakijwa akaingia ndani, akaiacha fimbo ya shanga palepale. Akatoka na mchi wake wa kutwangia. Akapita katikati ya ndugu wa Shekigenda, akavuka uwanja, akauegemeza mchi mlangoni kwa Mbelwa.

"Nimeingoja fimbo yako nikachoka," akasema. "Kama unanitaka, ingiza huu. Mbwa wenu peke yake hauwezi."

Kupe akausikia wito wa kazi. Akaung'ata mchi upande mmoja, akavuta, haukwenda. Mbelwa akashika upande wa pili, Kaluse akasukuma katikati, na mchi ukaingia ndani.

Na mimi ngano yangu imeingia nao. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe.