Mrushaji Mmoja na Shamba la Viazi

Ampaye mmoja vyote hucheza peke yake.

Juzi kisimani mmoja wenu alimrushia mwenzake methali hiyo, mkacheka, kisha mkauliza ni mchezo gani huo wa kucheza mtu peke yake. Kaeni niwaambie ilikotoka, maana naona mnaitamka kama mtu anayetema kapi la muwa.

Ilianza na uvumi. Upande wa Rungwe alikuwako mjane mmoja, Tupokigwe, mama wa mtoto mmoja tu. Asubuhi moja alikuwa kwenye banda la kupimia chai na kapu lake, akasikia wanawake nyuma yake wananong'ona kwamba mwanawe Ambakisye, yule aliyerudi kutoka chuo bila kazi, amejifungia ndani ananunua na kuuza watu kwa kompyuta.

"Nimemsikia kwa masikio yangu nikipita dirishani," mmoja alisema. "Anasema, huyu mzee hana faida tena, mwacheni aende. Sasa huyo ni mzee wa nani?"

Tupokigwe hakugeuka. Lakini maneno yale yalimganda kama kishonanguo kwenye khanga. Aliyabandua njiani, yakamrudia shambani. Aliyabandua shambani, yakamrudia jikoni. Mama akisikia jambo baya la mtoto, hata ukimwapia kuwa si kweli, tumbo lake halisikii kiapo.

Na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Hapo zamani alikuwa na wenzake, wanawake wa kulimiana: leo majembe yote kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu imzungukie kila mmoja. Ambakisye alipofaulu kwenda sekondari, Tupokigwe alijitoa. Siku za kulimiana ziligongana na siku za vibarua vya kuchuma chai kwenye shamba la kampuni, naye alitaka ada. Baadaye akaacha kwaya. Baadaye hata misibani akawa hakai, anatuma bahasha ya rambirambi. Watu wakazoea kutomwona, naye akazoea kutoonekana. Akijisikia mpweke alijiambia, mwanangu akimaliza chuo nitapumzika.

Basi jioni ile akaweka chai mezani akamuuliza waziwazi. "Baba, unauza watu?"

Ambakisye alicheka mpaka akakohoa. "Mama! Ni mchezo. Ni besiboli."

"Ndiyo nini?"

"Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa rungu, halafu anakimbia kuzunguka uwanja kabla hawajamkamata."

"Kumbe rede yenye fimbo."

"Eeh, kama rede. Ila hawa wachezaji hawapo duniani. Wako humu ndani ya mashine."

Akamwonyesha. Watu wa nchi nyingi wasiojuana sura wana ligi yao kwenye mtandao. Kila mtu ana timu, naye ndiye mwenye timu na ndiye mtunza fedha wake. Mashine inachezesha mechi zenyewe, asubuhi unaamka unakuta matokeo. Kazi yako ni mikataba: nani umsajili, umpe mshahara gani, kwa misimu mingapi. Fedha ni za mchezo, lakini zina ukomo, hakuna timu inayoruhusiwa kuuvuka. Na wachezaji wanazeeka kama watu. Yule mzee asiye na faida alikuwa mpigaji mmoja aliyemalizika magoti.

Tupokigwe alishusha pumzi. Uvumi ukafa palepale, lakini jambo jingine likazaliwa: alipata mtu wa kuongea naye. Mchana mvua ikinyesha, nayo Rungwe hunyesha kweli, alikaa kwenye kigoda nyuma ya mwanawe akiuliza habari za wale watu wasiokuwako. Huyu mshahara wake unatosha? Yule ana watoto? Ambakisye naye, ambaye hakuwa na rafiki hata mmoja kijijini baada ya miaka ya shule za mbali, alichangamka. Wenye timu wenzake aliwaita "jamaa zangu". Hao ndio watu wake wote aliokuwa nao.

Timu yake ilikuwa na mrushaji mmoja kijana, hodari ajabu. Akirusha, wapigaji wanapiga hewa. Mkataba wake ulipokaribia kwisha, timu nyingine zikaanza kumnyemelea. Ambakisye hakula vizuri siku hizo. Mwisho akamwandikia mkataba mnono na mrefu, wa kulipwa hata asipocheza, na usiovunjika mpaka ulipwe wote.

"Mbona unamfunga miaka mingi hivyo?" mama yake aliuliza. "Sisi wa chai hawatupi hata msimu mzima."

"Mama, huyu hapatikani tena. Nikimkosa huyu sina timu."

"Na hao wengine utawalipa nini?"

"Wengine ni wa kawaida tu."

Akawaacha mmoja baada ya mwingine, ili ukomo wa fedha utoshe. Mdakaji akaenda. Wapigaji wazuri wakaenda. Nafasi zao akajaza vijana wa mshahara mdogo ambao hata mashine ilikuwa inawaonea huruma. Mwanzoni mambo yalikwenda, kila siku ya mrushaji walishinda. Lakini mrushaji harushi kila siku, anapumzishwa, na siku za wale wengine walipigwa kama ngoma.

Kisha asubuhi moja Ambakisye akafungua kompyuta asome matokeo. Mkono wa mrushaji ulikuwa umeumia. Mashine ilisema hatarudi msimu huu, na akirudi hatakuwa yule.

"Mwache aende basi, kama yule mzee," mama yake alisema.

"Siwezi. Mkataba niliandika mwenyewe."

Wakaanza kufungwa kila uchao. Ambakisye aliwaandikia jamaa zake akiomba wamkopeshe mchezaji hata mmoja. Hawakuwa na ubaya naye, ila walimuuliza swali moja: utatupa nini? Hakuwa na kitu cha kutoa. Mkubwa wa ligi, mtu wa nchi ya mbali, akamwandikia kwamba timu iliyofilisika inapewa mtu mwingine, ndiyo sheria. Siku iliyofuata alipojaribu kuingia, mlango wa ligi ulikuwa umefungwa. Hakuna hata mmoja wa jamaa zake aliyemwandikia kwaheri.

Tupokigwe alitaka kumfariji lakini hakuwa na nafasi. Viazi vyake vilikuwa vimekomaa na mvua ilikuwa inazidi. Viazi mviringo vikikaa kwenye udongo wa maji vinaoza, na vile ndivyo vilikuwa chakula chao na mbegu ya msimu ujao. Akapanda mlimani na jembe lake. Alichimba peke yake mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la Subilaga, wanawake wa kulimiana walikuwa wamejipanga mstari, wanachimba na kuimba, na mmoja akikosea wimbo wengine wanamzomea kwa kicheko. Alisimama akawasikiliza. Mvua ikamkuta amesimama vilevile.

Jioni hiyo akaenda kwa Subilaga.

"Ugonile, Mama Ambakisye!" Subilaga alimsalimu. "Leo umepotea njia?"

"Ndaga, dada. Nimekuja kuomba. Viazi vinaniozea. Mnisaidie siku moja tu."

Subilaga akafuta mikono kwenye khanga, polepole. "Dada yangu, kesho tuko kwa mwingine, keshokutwa kwa mwingine. Zamu zimejaa. Tukuingize wewe, tumtoe nani? Na jembe lako hatujaliona kwetu tangu mtoto wako yuko sekondari."

"Mama yako alipofariki nilituma bahasha."

"Tuliipata, ahsante. Lakini bahasha haichimbi kaburi, Mama Ambakisye."

Hakusema kwa ukali. Alimpa na ndizi za kwenda nazo. Hilo ndilo lilimuuma zaidi.

Alimkuta Ambakisye amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Akaketi kwenye kigoda chake cha siku zote.

"Baba, hebu niambie tena. Timu yako ilikufa kwa sababu mrushaji aliumia?"

"Hapana, mama. Kuumia wanaumia wote. Ilikufa kwa sababu nilimpa mmoja vyote. Alipoanguka nikabaki nacheza peke yangu."

Tupokigwe akasogeza kigoda karibu naye. "Mimi pia nina mrushaji wangu," alisema. "Nilimpa miaka yangu yote. Niliacha kila mtu ili ukomo utoshe."

Ambakisye akaelewa, akainama. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sijavunjika mkono, mama."

"Basi kesho shika jembe."

Walichimba wawili, mama na mwana, kwenye matope. Lakini mikono ya wawili si mstari wa watu. Nusu ya shamba ilioza. Harufu yake ilishuka mpaka nyumbani, na hapakuwa na jirani wa kumwambia pole.

Msimu uliofuata Tupokigwe alikwenda na jembe lake kwenye shamba la Subilaga, bila kuitwa. Wakamweka mkiani mwa zamu kama mgeni, maana ndivyo utaratibu ulivyo.

"Mwee, Mama Ambakisye!" mmoja alimtania. "Wewe si una msomi wako ndani?"

Akajibu bila kuinua uso, "Ampaye mmoja vyote hucheza peke yake."

"Hucheza nini tena, dada?"

Akasimama, akaokota kiazi, akashika mpini wa jembe kama rungu, akawaonyesha besiboli. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Naye akacheka, na kicheko chenyewe kikamtoka kigeni, kama nguo iliyokaa sandukuni. Wakaondoka na maneno yale, yakafika sokoni, yakafika kanisani, yakafika kwenu.

Ambakisye alipata kazi Mbeya. Siku za mvua kigoda kile kilikuwa kitupu na nyumba ilikuwa kimya. Zamu ya Tupokigwe ya kulimiwa ilipofika, si wote waliokuja. Kuna waliokuwa hawajazisahau zile bahasha. Lakini Subilaga alikuja wa kwanza.

Basi nyinyi wanangu, nikiwa bado nina pumzi, yaepukeni haya:

Usimpe mtu mmoja miaka yako yote, hata akiwa mwanao.

Usiweke sahihi kwenye mkataba kwa hofu ya kukosa.

Usiwaite "wa kawaida" watu wanaojaza mstari.

Usitume bahasha mahali panapokutaka wewe.

Usiwaite jamaa zako watu wasiojua kama umekula.

Usingoje viazi vioze ndipo ukumbuke njia ya kwa jirani.

Na akikuuliza mtu kwa nini, mwambie: ampaye mmoja vyote hucheza peke yake.